Siku ya kafi na povu katika Mto Sagana

Msomaji, kama umewahi kupanda matatu kutoka Nairobi kwenda Karatina au Nyeri, basi Mto Sagana umeuvuka, hata kama ulikuwa umesinzia. Daraja ni fupi na dereva haoni sababu ya kupunguza mwendo. Ukichungulia dirishani wakati wa kiangazi, utaona maji yakipita polepole kati ya mawe, kama mtu asiye na haraka ya kufika. Ukichungulia mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea, utadhani umeletwa kwenye mto mwingine kabisa. Mawe hayaonekani. Maji yana rangi ya chai ya maziwa, na juu yake hupita migomba, mabua ya mahindi na wakati mwingine ndara moja isiyo na mwenzake.

Mto ni ule ule. Wakikuyu huuita Thagana. Chanzo chake ni miteremko ya Mlima Kenya, na njiani hupokea Ragati kutoka mlima huo huo, kisha hukutana na Mathioya na Maragua inayotoka milima ya Aberdare. Hapo ndipo unapokuwa Tana, mto mrefu kuliko yote humu nchini, ambao hausimami hadi Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Jambo ambalo watu wa mjini husahau ni kwamba mto wenye wazazi wawili wa namna hiyo hauhitaji mvua ya Sagana ili ujae. Unaweza kuamka hapo ukaanika nguo kwenye jua, na huku mvua iliyonyesha usiku kule milimani iko njiani ikija.

Huko Uingereza, wapenzi wa mchezo wa kayaki husubiri majira ya baridi, kwa kuwa ndipo mvua huijaza mito ya Wales na Devon. Kiangazi chao mito hiyo huwa mawe matupu. Sisi huku husubiri masika, na baada yake mvua za vuli za Novemba. Hivyo ndivyo Jumamosi ya mwisho ya Mei ilivyotukuta kando ya Mto Sagana saa moja asubuhi, tukiwa tumejikunyata kwa ile baridi inayotangulia Julai, mikono ikiwa imekumbatia vikombe vya chai na kinywa kimejaa nduma.

Tulikuwa watano. Mwalimu wa jiografia kutoka shule moja ya Eastlands, muuguzi, ndugu wawili wanaouza vipuri vya magari Barabara ya Kirinyaga jijini, na mimi mwandishi wako. Mwalimu na yule ndugu mkubwa wameendesha kayaki kwa miaka sita. Muuguzi ana mitatu. Ndugu mdogo nami tungali wanagenzi ambao hatuendi popote bila kuongozwa. Waongozaji wetu walikuwa vijana wawili waliozaliwa hapo hapo kijijini, ambao mto huu wameuogelea tangu wakiwa watoto, mara nyingi, walituambia wakicheka, bila mama zao kujua.

Kitu cha kwanza alichofanya mmoja wao hakikuwa kututafutia vyombo. Alichukua kijiti akakichomeka udongoni pale pale maji yalipokuwa yakilamba ukingo, kisha akaja kunywa chai. Baada ya saa moja na nusu alirudi kukitazama. Maji yalikuwa yamekipita kwa shubiri moja, na mbinguni hapakuwa na wingu. Alimwita mwenzake, wakanong'onezana kwa Kikuyu, wakarudi na kutuambia kuwa tutaingia mtoni, lakini hatutafanya safari yote.

Huenda unajiuliza kayaki ni kitu gani hasa. Ni mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja uliofunikwa juu, wenye tundu la kuingiza miguu na kiuno. Waliouvumbua ni Wainuiti na majirani zao wa nchi za barafu kaskazini ya mbali, ambao waliunda fremu ya mbao au mifupa na kuivika ngozi ya sili. Mwindaji aliyepinduka katika maji yale ya baridi kali hakuwa na dakika nyingi za kuishi. Kwa hiyo walibuni ufundi wa kujigeuza kwa kafi na kurudi juu bila kutoka chomboni. Kayaki za leo ni za plastiki ngumu, lakini ufundi ni ule ule.

Chombo hiki hukikalii. Unakivaa kama suruali. Kiunoni unafunga kitambaa cha mpira ambacho vijana hukiita sketi, nacho hubana kwenye mdomo wa tundu ili maji yasiingie. Juu yake jaketi la kuokolea maisha, na kichwani kofia ngumu. Kafi ina kiganja kila upande. Ukishavaa hayo yote unatembea kama bata, na watoto wa kijiji hawakosi la kusema.

Somo la kupinduka hufundishwa kwenye maji yaliyotuama, na hakuna njia ya kulikwepa. Unalazwa ubavuni, kichwa kinaingia chini, na ghafla kelele zote za dunia zinakatika. Akili inakwambia utoke. Mwalimu wako ameshakwambia utulie, uinamie mbele, ulete kafi juu ya maji, kisha uzungushe kiuno na kichwa kiwe cha mwisho kutoka. Wengi hukitanguliza kichwa kwa sababu kinataka hewa, na papo hapo wanarudi chini. Ilinichukua wikendi nne kuacha tabia hiyo. Na ukishindwa kabisa, kuna kamba mbele ya sketi. Unaivuta, sketi inafunguka, unatoka kwa kuogelea. Huna haja ya kuona haya.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe, maana hapa ndipo palipo na elimu.

Wataalamu hugawa maji yaendayo kasi katika madaraja sita. Daraja la kwanza ni maji yanayotembea tu. La sita ni maporomoko ambayo hata mabingwa huyapitia kwa kubahatisha roho zao. Watu hulichukulia daraja kama cheti cha shule, kwamba ukishapewa ni lako daima. Mto haujui hilo. Mahali palipokuwa daraja la tatu Januari panaweza kuwa la tano Mei, na baadhi ya mahali hushuka badala ya kupanda, kwa sababu mawe yaliyokuwa yakisumbua yamezama mbali chini. Ndiyo maana mtu anayekwambia "mimi huu mto naujua" unafaa umuulize ameujua mwezi gani.

Ukisimama ukingoni, tazama umbo la maji. Yakijikusanya na kuwa kama ulimi laini unaochongoka kuelekea chini, hapo ni mlango, panapitika. Yakigawanyika na ncha ikaelekea juu, kulikotoka maji, pana jiwe. Pale maji yanaporuka juu ya jiwe kubwa na kuanguka nyuma yake, hutengeneza shimo la povu linalojirudia, na maji ya juu hukimbia kurudi nyuma. Shimo la namna hiyo linaweza kushika kayaki, gogo au mtu na kumzungusha kama nguo katika mashine. Nyuma ya mawe makubwa yaliyochomoza kuna vidimbwi vya maji yanayozunguka taratibu. Hivyo ndivyo vituo vya basi vya mtoni. Unakunja kona, unaingia, unapumua, unatazama mbele kabla ya kuendelea.

Mto ukifurika, vituo hivyo hupotea. Ndilo jambo lililonigusa zaidi siku ile. Kwa macho ya mgeni, Sagana iliyojaa ilionekana rahisi kuliko ya kiangazi, kwa kuwa sehemu kubwa ilikuwa laini, bila kelele za mawe. Lakini hapakuwa na pa kusimama. Tena maji yakiongeza mwendo mara mbili, nguvu yanayokusukuma nayo hupanda mara nne. Na kingo zilizokuwa mchanga sasa ni vichaka. Tawi lililozama nusu ni hatari kuliko jiwe, kwa sababu maji hupenya kati ya vijiti vyake lakini mwili wa mtu haupenyi. Unagandamizwa hapo kama taka kwenye wavu, na mto unaendelea kusukuma.

Tuliingia majini saa tatu na nusu. Mwongozaji mmoja alitangulia, mwingine akawa nyuma, nasi katikati tumeachana kwa nafasi ya urefu wa matatu mbili. Mtoni huongei, maana hakuna atakayekusikia. Kafi iliyoinuliwa wima ni njoo. Kafi iliyolazwa juu ya kichwa ni simama. Ukigusa kofia yako kwa mkono, unasema uko salama, na mwenzako hurudisha jibu hilo hilo.

Maporomoko ya kwanza yalikuwa madogo na yalinipa furaha ambayo sijui niieleze vipi. Pua ya kayaki inazama, povu linakupiga kifuani, huoni kitu, kisha unachomoza upande wa pili ukiwa umelowa na unacheka peke yako. Maji yalikuwa baridi mno. Usisahau kwamba sehemu yake ilitoka kwenye mlima wenye barafu, ulio na urefu wa mita 5,199, na haikuwa imepata muda wa kuota jua.

Kwenye maporomoko ya tatu ndugu mdogo alipinduka. Tuliona tumbo la kayaki yake nyekundu, kisha kafi ikatokeza, ikajaribu, ikazama. Ikajaribu tena. Halafu kichwa chake kikatokea kando ya chombo, macho yakiwa makubwa. Alifanya kama alivyofunzwa: akalala chali, miguu mbele na vidole juu, mikono ikipiga maji. Katika maji ya kasi husimami kamwe, hata yakiwa ya magotini, kwa maana mguu ukinasa kati ya mawe mto utakulaza kifudifudi na hutainuka tena. Mwongozaji wa nyuma alikuwa tayari amefika ukingoni na kutupa kamba yake, ile inayokaa ndani ya mfuko na kufunguka yenyewe ikiwa hewani. Ilimwangukia begani. Akaishika na kuiweka kifuani huku mgongo wake ukielekea ilikotoka kamba, na maji yenyewe yakamsukuma hadi kando.

Yote hayo hayakuzidi dakika moja. Mwalimu alienda kuifukuza kafi. Muuguzi alimkalisha kijana chini, akamtazama machoni, akamhesabia mapigo ya moyo, akamfunga kitambaa kwenye ugoko uliochubuka. Kaka yake alifungua chupa ya chai, akamimina, akashikilia kikombe mwenyewe kwa sababu mikono ya mdogo wake ilikuwa ikitetemeka. Hakusema neno. Hao ni ndugu ambao kwa kawaida hawanyamazi hata kanisani.

Baada ya hapo mto unatulia kwa muda. Hapa unaweza kuinua macho na kuona mashamba ya ndizi na mahindi, kingo za udongo mwekundu, na mdiria akiwa ameketi juu ya tawi kama mlinzi aliyelipwa. Nilikuwa na hamu ya kuuliza juu ya mamba, kwani ndilo swali ambalo kila mtu wa Nairobi huniuliza. Waongozaji walisema makao yao hasa ni kule chini, kwenye Bwawa la Masinga, ambako pia kuna viboko. Si swali la kipuuzi. Hendri Coetzee, Mwafrika Kusini aliyekuwa miongoni mwa mabingwa wa mchezo huu barani, alichukuliwa na mamba katika Mto Lukuga huko Kongo mnamo Desemba 2010.

Kisha tukasikia ngurumo. Huwezi kuyaona maporomoko makubwa ukiwa umekaa kwenye kayaki. Unaona tu mstari ambapo mto unaishia, na juu ya mstari huo moshi wa maji. Kafi ya aliyetangulia ililala juu ya kichwa chake. Tuliegesha, tukapanda jiwe kutazama.

Pale palikuwa na ulimi mzuri wa maji upande wa kushoto, ambao mwalimu na ndugu mkubwa wamewahi kuupitia mara nyingi. Lakini chini yake, mahali ambapo ungepaswa kutokea, mto ulikuwa umeleta mkuyu mzima na mizizi yake na kuulaza mshazari kati ya mawe mawili. Maji yalikuwa yakipita ndani ya matawi yale yakitoa sauti kama ya mtu anayevuta supu.

"Nimepita hapa zaidi ya mara kumi," alisema ndugu mkubwa. "Naweza kukata kulia kabla ya kuufikia."

Yule mwongozaji, ambaye ni mdogo kwake kwa miaka kama kumi, alimwonyesha alama nyeupe kwenye jiwe la ng'ambo, ambayo sasa ilikuwa chini ya maji. "Ndugu yangu, ulipita maji yakiwa pale. Leo hapa hapapitiki. Tunabeba."

Walibishana kidogo, kwa heshima. Mwalimu alisikiliza, akaenda peke yake kutazama tena, akarudi na kuanza kufungua sketi yake. Alipofanya hivyo mjadala uliisha. Nimekuwa nikihudhuria michezo mingi kwa sababu ya kazi yangu, na mara nyingi tunamwandikia sifa aliyeruka, aliyethubutu, aliyevunja rekodi. Kwangu mimi kitendo kilichokuwa kizito kuliko vyote siku ile ni cha kijana asiye na cheo chochote aliyewazuia watu wazima, tena wateja wanaomlipa, wasifanye walichokuja kufanya.

Kubeba si mchezo. Kayaki ina uzito wa kilo 20 hivi, na zaidi ikiwa na maji ndani. Njia ilikata katikati ya shamba la mzee mmoja, kati ya migomba na viazi, na matope yalitushika hadi vifundoni. Waongozaji walimwomba ruhusa, "Guka, tupite?" naye akasimama na jembe lake akitutazama tukipita mmoja mmoja na vyombo vyetu vya rangi rangi mabegani. Alisema jambo kwa Kikuyu lililowafanya vijana wacheke. Nilipoomba nitafsiriwe niliambiwa: "Afadhali hawa wanaokanyaga viazi vyangu kuliko wale tunaowatafuta kwa kamba usiku."

Maneno hayo hayakuwa ya utani peke yake. Maji yaliyokuwa yakitupa raha ndiyo yale yale yanayoteremka hadi Masinga, bwawa lililokamilika 1981, kisha Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, mabwawa matano yanayotupa sehemu ya stima tunayosomea magazeti. Mabwawa yakijaa hayana budi kufurika. Mwaka wa 2024 mvua za masika zilipozidi, watu wengi nchini walipoteza maisha, na kule Garissa Mto Tana ulikata barabara. Tarehe 28 Aprili mwaka huo mashua iliyokuwa ikivusha watu katika mafuriko hayo ilipinduka, na baadhi yao hawakurudi. Wale hawakuwa wakicheza. Walitaka tu kuvuka kwenda nyumbani. Na chini zaidi wako Wapokomo, ambao wameuendesha mto huu kwa mitumbwi ya magogo kwa vizazi vingi na hawana haja ya kufundishwa na mtu wa Nairobi maana ya mto kujaa.

Mito ya namna hii pia hupotea. Jinja, nchini Uganda, ilikuwa na maporomoko ya Bujagali kwenye Mto Naili, yaliyovuta waendeshaji kutoka kila pembe ya dunia. Bwawa la umeme lililozinduliwa 2012 liliyafunika. Sikatai umeme. Nasema tu kwamba aliyeyaona hatayaona tena, na kwamba walio na Sagana wanafaa kuitazama ikiwa bado ipo.

Vijana wa hapa wameshaanza. Mkenya Samuel Muturi alishindana katika kayaki kwenye Michezo ya Olimpiki ya Paris 2024, mchezo ambao wengi wetu hatukujua kuwa tuna mtu ndani yake. Mmoja wa waongozaji wetu alimtaja mara tatu kabla ya saa sita mchana.

Ukitaka kwenda na familia, Sagana iko yapata kilomita 100 kutoka Nairobi kupitia Thika, Kenol na Makutano. Wasiojua kayaki hupanda boti kubwa la mpira pamoja na mwongozaji, na kwa watoto kuna sehemu za maji matulivu. Uliza umri unaoruhusiwa kabla ya kuwaahidi. Beba nguo za kubadili, viatu vya kufunga ambavyo hutajali vikilowa, sweta, na mafuta ya kujipaka dhidi ya jua hata kukiwa na mawingu. Uliza kama kuna kamba za kutupia na ni nani atakayekuwa nyuma yenu. Uliza pia maji yalikuwa wapi jana. Ukijibiwa kwa kicheko, kula samaki wako urudi nyumbani.

Sisi tulikula tilapia wa kukaangwa kwa ugali na sukuma wiki saa tisa, tukiwa tumejifunga mablanketi. Ndugu mkubwa alikuwa amerudi kwenye kelele zake. Kabla ya kuondoka niliteremka ukingoni kutafuta kile kijiti cha asubuhi. Sikukiona. Yule mwongozaji alikuwa hapo tayari, amechomeka kingine hatua mbili nyuma, kwa ajili ya wageni wa Jumapili.